Mkono Mmoja Haulei Mwana: Wajibu wa Skuli, Wazazi na Shehia katika Kumlinda Mwanafunzi

Wananchi wa Unguja na Pemba wanatanabahishwa kwamba usalama wa mwanafunzi si jukumu la mwalimu peke yake, wala la mzazi peke yake. Kwa siku moja mtoto hupita mikononi mwa watu wengi: alfajiri yuko nyumbani, kisha njiani, kisha darasani, alasiri chuoni kwa ustadhi wake, na jioni mtaani. Katika kila pahala hapo anaweza kupata malezi mema, na katika kila pahala hapo shari inaweza kumfika.

Utafiti wa kitaifa uliofanywa mwaka 2009, na matokeo yake kutangazwa mwaka 2011, ulionesha kwamba hapa Zanzibar takriban vijana wa kike 6 na wa kiume 7 katika kila 10 walioulizwa waliwahi kupigwa au kuumizwa kabla ya kutimiza miaka 18. Jamaa na walimu walikuwa miongoni mwa waliotajwa. Kuhusu udhalilishaji wa kijinsia, wavulana waliosema umewafika walikuwa wengi zaidi kuliko wasichana. Kwa hiyo asidhani mzazi kuwa mtoto wa kiume hahitaji kuangaliwa.

Ni vyema ikafahamika kwamba mtoto aliyedhurika ni nadra kusema. Badala yake huonesha dalili, na dalili hizo hutawanyika. Mwalimu huona utoro na kushuka kwa masomo. Mama huona mtoto hali na hulala kwa kushituka. Ustadhi huona alama mwilini. Na Sheha husikia maneno ya mtaani. Kila mmoja ana kipande chake, na kila mmoja hukidharau kwa kuwa ni kidogo. Faida ya mashirikiano ni kuviunga vipande hivyo mapema.

Kwa ajili hiyo inapendekezwa:

(a) Mwalimu wa darasa asimwadhibu mtoro kabla ya kujua sababu ya utoro wake, na amfikishe mtoto mwenye dalili kwa mwalimu wa ushauri nasaha.

(b) Mzazi aende skuli na chuoni bila ya kungojea kuitwa, na ajue mtoto wake anapita njia gani na anafuatana na nani.

(c) Kamati ya skuli ikutane na Sheha na walimu wa madrasa kwa siku maalumu, na izungumzie pia njia zenye vichaka, majumba mabovu na vyoo visivyofungika. Jina la mtoto aliyedhurika lisitajwe mkutanoni.

Kuhusu bakora, wapo wanaoshikilia kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Kauli hiyo ni ya kweli, lakini kukunja si kuvunja. Mtoto anayemwogopa mwalimu wake hatamwendea siku atakapopatwa na jambo zito. Katika miaka ya 2000 baadhi ya skuli za visiwani zilianza kujaribu adhabu mbadala, na malezi ya namna hiyo yanastahiki kuungwa mkono nyumbani na chuoni pia.

Linalodhoofisha juhudi hizi kuliko yote ni muhali. Mtuhumiwa huwa ni ami, jirani, au mtu anayeheshimiwa; wazee hukaa wakasuluhisha, jambo likafunikwa, na mtoto akabaki kuonana kila siku na aliyemdhuru. Udhalilishaji wa mtoto ni jinai, si deni baina ya koo mbili, na hakuna mzee mwenye mamlaka ya kuusamehe kwa niaba ya mtoto. Heshima ya ukoo hailindwi kwa kumtoa mtoto sadaka.

Jambo likitokea, mtoto asikilizwe kwa upole, asihojiwe na kila anayeingia, wala asiahidiwe kwamba litakuwa siri. Taarifa ipelekwe kwa Afisa wa Ustawi wa Jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi. Simu namba 116 hupigwa bila ya malipo. Mtoto aliyeingiliwa asikoshwe, nguo zake zisifuliwe bali zitiwe katika mfuko wa karatasi, na afikishwe siku hiyo hiyo katika kituo cha Mkono kwa Mkono. Cha mwanzo kilifunguliwa Hospitali ya Mnazi Mmoja mwaka 2011, na baadaye vikafuata vyengine Unguja na Pemba. Humo daktari, askari na mnasihi hupatikana pahala pamoja. Dawa ya kukinga virusi vya UKIMWI haifai tena baada ya saa 72, hivyo kila saa inayopotea katika kikao cha sulhu humdhuru mtoto mara ya pili.

Wazazi, walimu, masheha na maustadhi wote wanaombwa kutoa mashirikiano yao. Mtoto wa mwenzio ni wako.