Haraka na Kungoja

Wazee wetu wametuachia mithali mbili ambazo mtoto akizisikia pamoja hushangaa. Ya kwanza yasema: Haraka haraka haina baraka. Ya pili yasema: Ngoja ngoja huumiza matumbo. Moja yamzuia mtu asiikimbilie kazi. Nyingine yamkemea anayekawia. Je, tufuate ipi? Wazee hawakukosea. Mithali zote mbili ni za kweli, lakini kila moja ina mahali pake. Mtu asiyejua mahali pa kila moja hupoteza siku zake, na siku iliyopita hairudi.

Tutazame kwanza shamba, maana shamba ni mwalimu wa zamani kuliko sisi walimu wote. Katika nchi ya Nachingwea na Ruangwa mvua haiji mara mbili kwa mwaka, kama ijavyo katika nchi nyingine. Huja msimu mmoja tu, kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei. Kisha ni kiangazi. Basi mkulima wa Mkotokuyana ana miezi mitano hivi ya mvua, na chakula cha nyumba yake cha mwaka mzima hakina budi kutoka katika miezi hiyo.

Mkulima mwenye busara hufanyaje? Jua lingali kali, naye hufyeka, hulima, hutia mpini mpya katika jembe, na kuchagua mbegu moja moja, aone kama hazikutobolewa na wadudu. Kazi hizi hazitaki haraka. Lakini mvua ya kutosha ikinyesha, hangoji. Hupanda mara moja. Kwa nini? Kwa sababu mara nyingi mvua hukatika kwa siku kadhaa katikati ya msimu, mwezi wa Januari au Februari. Mahindi yaliyopandwa mapema yamekwisha kushusha mizizi, nayo huvumilia. Yaliyochelewa hunyauka; na hata yakipona, mvua huisha kabla punje hazijajaa.

Wakulima wawili walio jirani hupata mvua ile ile na jua lile lile. Mmoja hujaza ghala. Mwingine chakula chake huisha mapema, na Januari ifuatayo huenda kufanya kibarua katika shamba la mwenziwe ili apate unga, siku zile zile ambazo ilimpasa kupalilia shamba lake mwenyewe. Hivyo kuchelewa kwa mwaka mmoja huzaa kuchelewa kwa mwaka wa pili. Hiyo ndiyo maana ya ngoja ngoja huumiza matumbo.

Sasa tutazame haraka isiyo na baraka. Mfano wake hauko mbali. Uko Nachingwea yenyewe. Baada ya vita kuu vya 1939 mpaka 1945, watu wa Uingereza walipungukiwa sana na mafuta ya kula. Serikali yao ikaazimia kulima karanga nyingi katika Tanganyika, ili mafuta yapatikane upesi. Kazi ilianza Kongwa, katika nchi ya Ugogo, mwaka 1947. Ikafuata Urambo, upande wa Tabora, na Nachingwea. Ilikusudiwa kufyeka zaidi ya ekari milioni 3. Trekta nyingi zililetwa, bandari ikajengwa Mtwara, na reli ikawekwa mpaka Nachingwea.

Watu wale hawakuwa wavivu, wala hawakukosa fedha. Kosa lao lilikuwa jingine: hawakujipa nafasi ya kuijua nchi. Hawakulima kwanza mashamba madogo ya kujaribia kwa miaka michache, waone udongo na mvua vikoje. Karanga, kama mjuavyo, hutoa ua juu ya ardhi. Kisha kikonyo chake huinama na kuingia chini, na karanga hukua humo udongoni. Kwa hiyo yataka udongo laini. Lakini udongo wa Kongwa una ufinyanzi. Ukikauka huwa mgumu kama tofali, na mvua za huko hazina hakika. Majembe ya trekta yalilika upesi, na karanga zilishikwa na ardhi zisiweze kung'olewa. Nachingwea mvua ni nzuri zaidi, lakini fedha nyingi zilikuwa zimekwisha kutumika kabla faida haijaonekana. Mwezi wa Januari 1951 serikali ya Uingereza iliuacha mpango ule mkubwa, na pauni milioni 36 hivi zikawa zimepotea. Baadaye hata reli ilifungwa, na vyuma vyake vikang'olewa.

Basi twaona tofauti. Mkulima mwenye busara hutulia wakati wa kujiandaa, naye hufanya upesi wakati wa kutenda. Jirani yake alikaa alipopaswa kufanya upesi. Wenye karanga walikimbia walipopaswa kutulia. Wote wawili walivuna hasara.

Huenda mtoto atasema, "Mimi sina nafasi. Nateka maji, nalea wadogo zangu, na shule iko mbali." Ni kweli. Lakini fikirini habari za Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909. Alisoma Dar es Salaam miaka michache tu, kuanzia 1922 mpaka 1926. Kisha akawa karani wa serikali, na kazi hiyo aliifanya kwa zaidi ya miaka 30. Mchana wake ulikuwa wa ofisi, si wake. Hata hivyo alijua analotaka kufanya, yaani kuandika kwa Kiswahili chema, na saa zilizosalia alizitia katika kazi hiyo. Alipokufa mwaka 1962 alikuwa na umri wa miaka 53, naye alikuwa ameandika vitabu zaidi ya 20. Hakupewa siku yenye saa 25.

Natufanye hesabu ndogo. Mtu akipoteza saa moja kila siku, kwa mwaka amepoteza saa 365. Tukiihesabu siku ya kazi kuwa saa 12, hizo ni siku 30 na zaidi, yaani mwezi mzima. Na mtoto asomaye kurasa 5 tu kila siku, kwa mwaka atasoma kurasa 1,825.

Lakini kuhesabu saa peke yake hakutoshi. Aamkaye mapema bila kujua aendako huchoka mapema, basi. Kwa hiyo kila jioni jiulize maneno mawili. La kwanza: Kesho nina kazi gani ambayo wakati wake ukipita haurudi? Hiyo ifanye kabla ya nyingine zote. La pili: Ni kazi gani nisiyoijua vizuri bado? Hiyo ichunguze kwanza, uulize wakubwa, ujaribu kidogo, ndipo uianze.

Miaka ya shule ni kama mvua ya Mkotokuyana. Huja msimu mmoja. Lakini mkulima aliyechelewa mwaka huu aweza kungoja Desemba nyingine. Utoto hauna Desemba ya pili.