GPS ya mkononi milimani Luhwindja: namba moja inaweza kukuhamisha mita 600

Huku Luhwindja, teritware ya Mwenga, mashamba ya watu, mashimo ya dhahabu na kibali cha mgodi wa Twangiza viko kwenye milima ileile. Ndiyo maana mashine ya GPS haiko tena kitu cha watafiti peke yao. Wachimbaji wanataka kujua kama shimo lao liko ndani ya eneo lililotengwa kwa uchimbaji wa mkono, juu sheria ya madini ya 2018 hairuhusu kuchimba hivyo nje ya maeneo hayo. Mkulima naye anataka kujua mpaka wa shamba lake mbele hajapimiwa na wengine.

Kuchagua mashine si kazi kubwa. Haiombi rezo wala intaneti; inatafuta satelaiti 4 au zaidi, basi. Chukua ile inayotumia mapile mawili ya kawaida, ya kununua kwenye duka lolote, na isiyoogopa mvua. Kama inapokea satelaiti za Marekani, Urusi na Ulaya pamoja, ni vizuri zaidi, sababu ndani ya bonde mlima unafunika nusu ya anga. Simu nayo iko na GPS, hata pasipo rezo, ila ramani lazima ipakuliwe Bukavu mbele ya safari. Na moto wa simu unaisha haraka.

Shida iko kwenye kupanga mashine. Iwashe mahali pa wazi, ungoje mpaka ionyeshe kosa la karibu mita 5. Ingia kwenye mipangilio, hakikisha imeandikwa WGS 84. Ramani za zamani zinafuata vipimo vingine na zinaweza kusogeza alama mbali. Kisha chagua digrii, dakika na sekunde, vile vibali vya madini vinaandikwa.

Hapo ndipo watu wanapotea. Mashine nyingi zinatoka dukani zikionyesha dakika zenye nukta. Tuseme imeandika dakika 52.50. Maana yake ni dakika 52 na nusu, yaani dakika 52 na sekunde 30. Mtu akiandika dakika 52 na sekunde 50, amekosea sekunde 20. Sekunde moja ni karibu mita 31 chini, kwa hiyo ameruka zaidi ya mita 600. Kare moja ya kibali ina sekunde 30 kila upande, karibu hektari 85: kosa hilo linatosha kumweka mtu ndani ya kibali cha mwingine, ao kumtoa ndani ya chake.

Kuhusu kupima shamba kwa kulizunguka, wenye mashamba ya mteremko wasishangae. Mashine inahesabu uwanja kama umetandikwa sawasawa, vile ramani inafanya. Kwenye mteremko wa digrii 30, hektari moja uliyolima itaonekana kama are 87. Haiko wizi. Lakini kiwanja kidogo cha mita 20 kwa 30, pale kosa la mita 5 ni kubwa mno. Afazali kutumia kamba.

Mbele ya kuondoka, pima mahali ambapo namba zake zinajulikana. Huko mlimani, andika kila alama kwenye daftari pamoja na tarehe, mkitembea na jirani wa mpaka. Mpaka uliopimwa na mtu mmoja, jirani ataukataa kesho yake.