Kabla Hujalipia Programu ya Kutafuta Mchumba, Piga Hesabu Hii

Saa tatu usiku, ujumbe unaingia: kuna mtu amekupenda, lipia sasa umwone. Picha yake imefunikwa ukungu. Wewe uko zako Kinango, umeshafunga duka, na kwenye laini umebakiwa na mia kadhaa. Ulipe ama uache?

Wateja wetu hutuuliza swali hili, ila mara nyingi huwa wamechelewa kidogo. Wanaliuliza hivi: "Hizi pesa zilizokatwa leo ni za nini?" Sisi ni watu wa malipo, si washenga, kwa hivyo nani akufaa nani hakufai hatuingilii. Lakini pesa inayotoka kwenye laini yako, hiyo tunaweza kuizungumza.

Tuanze na kinachouzwa. Tuchukue Tinder, kwa sababu inajulikana na wengi. Kujiunga ni bure. Unaweka picha, unaangalia watu, na mkipendana nyote wawili mnaanza kuongea bila kulipa kitu. Unacholipia ni nyongeza. Tinder Gold inakuonyesha waliokupenda kabla wewe hujawachagua. Boost inakuweka mbele ya wengine kwa dakika 30. Kwa kifupi, unanunua kuona na kuonekana. Mtu mwenyewe hauziwi. Mshenga wa nyumbani akileta habari ya uongo, kwao kunajulikana na ataenda kuulizwa. Programu utaenda kuiuliza wapi?

Sasa hapa ndipo Kinango yetu inaingia. Hizi programu zinapanga watu kwa umbali, na umbali wenyewe unapimwa kwa mstari ulionyooka, kama anavyoruka kunguru. Ukiweka kilomita 10, unabaki na Kinango mjini na vijiji vya jirani. Hata Kwale mjini hujafika. Ukipandisha mpaka 50, ghafla skrini inajaa: Mombasa, Mariakani, Ukunda, Diani. Programu itakwambia mtu wa Ukunda yuko kilomita 30 na kitu. Haitakwambia kwamba kumfikia ni kushuka Kwale, upite Kombani, ubadilishe gari, halafu jioni uwaze utarudi vipi.

Kwa hivyo kabla ya kulipa chochote, tumia ile ya bure kwa wiki mbili. Weka umbali ambao kweli unaweza kuusafiri, kisha uhesabu. Kama umemaliza sura zote kwa jioni tatu, kulipa hakutaleta sura mpya. Utalipia kuwaona walewale. Mtu wa Nairobi au Mombasa anaweza kupata faida kwa sababu watu ni wengi na kuonekana mbele kuna maana. Hata kijana wetu aliye kazini Doha, anayetaka kuanza mazungumzo na watu wa nyumbani kabla ya likizo, kile kipengele cha kulipia cha kubadilisha eneo kinaweza kumfaa kwa mwezi mmoja. Lakini kumbuka kipengele hichohicho anacho na mwenzio. Anayeonekana yuko Diani huenda hajawahi kukanyaga mchanga wa Diani.

Na ule ujumbe wa "kuna mtu amekupenda"? Mwaka 2019, tume ya Marekani inayolinda wateja, FTC, iliishtaki kampuni ya Match Group. Ilidai kwamba watu wasiolipa kwenye Match.com walitumiwa jumbe za kuambiwa kuna anayewataka, ilhali nyingi zilitoka kwenye akaunti ambazo kampuni yenyewe ilishazishuku kuwa za matapeli. Mtu akilipia ili asome, anakutana na tapeli. Kesi hiyo iliisha mwaka 2025 kwa kampuni kukubali kulipa dola milioni 14. Hatusemi kila ujumbe ni wa uongo. Tunasema huo ujumbe peke yake usikutoe pesa.

Bei nayo usiiulize kwa rafiki. Tinder Plus ilipoanza mwaka 2015, Marekani mtu wa chini ya miaka 30 alilipa dola 9.99 kwa mwezi, na aliyezidi hapo akalipa dola 19.99. Huduma ileile. Angalia bei iliyo kwenye simu yako, na uangalie ni ya wiki au ya mwezi, maana ya wiki huonekana ndogo mpaka uizidishe mara nne.

Halafu kuna mtego wa miezi sita. Tuseme mwezi mmoja ni shilingi 900, na miezi sita ni 3,600. Moyo unakwambia umeokoa 1,800. Mwenzetu mmoja hapa ofisini aliokoa hivyohivyo, akaitumia wiki tatu, akachoka. Alilipa 3,600 kwa wiki tatu! (Ametukubalia kuiandika, jina tusilitaje.) Kama ni lazima ulipe, lipa mwezi mmoja.

Jambo linaloleta malalamiko mengi ni malipo kujirudia. Ukilipa kupitia duka la programu la simu, au kwa kadi ya mtandaoni, usajili hujirudia wenyewe mpaka uusimamishe. Kufuta programu kwenye simu hakusimamishi chochote. Kwenye Google Play, gusa picha yako juu, ingia sehemu ya malipo na usajili, chagua programu, kisha ghairi. Fanya hivyo siku ileile uliyolipa. Hutapoteza, utaendelea kuitumia mpaka muda wako uishe.

Mpaka hapo tumezungumzia kuilipa kampuni. Kumlipa mtu ni habari nyingine, na kusema kweli, hapo ndipo pesa kubwa inapotea.

Kuna wale wanaojiita mawakala, wako Facebook, WhatsApp na Telegram: "Tunakuunganisha na shuga mami wa Diani, ada ya usajili ni kidogo tu." Ada inaenda kwa namba ya mtu binafsi. Ukituma, inakuja ada ya pili, ya kupewa namba ya simu. Halafu ya kuthibitisha. Huyo mama hatatokea. Mtego huu unawanasa hasa vijana ambao hawana kazi, na mia tano hiyo huwa imekopwa.

Kisha kuna nauli. Mmeongea wiki mbili, amekubali kuja Jumamosi, anasema tuma nauli, na uweke na ya kutoa. Umetuma. Jumamosi simu imezimwa. Amekula nauli. Wengine huongeza sura ya pili: amefika Likoni, amekwama, hana pesa ya feri. Ndugu mteja, feri ya Likoni mtu wa miguu havushwi kwa pesa. Anayekuomba hiyo hayuko Likoni.

Kabla pesa haijatoka, simu inakuonyesha jina la mpokeaji. Lisome. Kama anajiita kwa jina la kike na simu inaleta jina la mwanamume, akakwambia ni laini ya kaka yake, acha hapo hapo. Na wala usijione mjinga ukishaliwa: mwaka 2022 pekee, karibu watu 70,000 waliripoti kwa FTC kule Marekani kwamba wametapeliwa kwa mapenzi, na hasara ikawa dola bilioni 1.3.

Ukigundua umetapeliwa, tupigie wakati huohuo, usingoje kesho. Tunachoweza kuzuia ni pesa ambayo bado iko kwenye laini ya aliyeipokea. Ikishatolewa kwa ajenti, inabaki kazi ya polisi, na utahitaji ujumbe wa muamala pamoja na mazungumzo yenu. Kwa hivyo usiyafute, hata kama yanakuonea aibu kuyasoma.