Jirani Akipatwa na Kipindupindu

Wewe unayekaa Lweba unalijua vizuri Ziwa Tanganyika. Linakupa samaki, unaoga humo, unafua humo, na wengi huteka humo maji ya kunywa. Kwa njia hiyo kipindupindu huingia nyumbani. Vijidudu vyake hukaa katika mavi ya mgonjwa. Mvua huyachukua mpaka majini, nasi tukayanywa.

Ni nini kinachomwua mgonjwa? Si uchawi, wala si sumu ya jirani. Kwa kuhara na kutapika, maji na chumvi ya mwili humwishia. Mtu mwenye nguvu asubuhi aweza kufa jioni. Kwa hiyo usingoje kupambazuke.

Mwaka 1971 watu wengi walikimbia vita ya Bangladesh, wakaingia India, katika mji wa Bangaon. Kipindupindu kikawashika, na maji ya kutia mshipani yakapungua. Daktari Dilip Mahalanabis akaagiza chumvi na sukari zichanganywe na maji safi, nao jamaa wakawanywesha wagonjwa wao kwa vikombe. Kwanza walikuwa wakifa watu 30 hivi katika kila 100. Baadaye hawakufika 4. Mikono iliyookoa haikuwa ya waganga peke yao.

Nawe waweza. Fanya hivi:

1. Ukiwa na pakiti ya dawa ya kunywa kutoka kituo cha afya, itumie kama ulivyoagizwa. Ukiikosa, twaa lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, utie vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko visivyo na kilima. Chumvi ikizidi ni hatari.

2. Mnyweshe kila mara aharapo. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha umpe tena polepole. Mtoto mchanga aendelee kunyonya.

3. Mpelekeni kituo cha afya upesi, akinywa njiani. Aliyezimia msimtie kitu kinywani, mkimbizeni.

4. Nawa mikono kwa sabuni. Mavi na matapishi myamwage chooni, kamwe si ziwani. Akifa, msimwoshe maiti. Waiteni watu wa afya.

5. Mjulishe reko wa kijiji siku ile ile.

Enyi wa kanisa, msingoje ugonjwa ufike ndipo mpange kazi. Chagueni sasa: nani ataweka sukari, chumvi na sabuni? Nani watachukua kipoyi? Nani atakwenda usiku kuita msaada? Yule Msamaria hakuuliza majeruhi ni wa kabila gani, wala hakudai mshahara. Alikuwa na mafuta, divai na punda, akavitumia.

Je, jirani yako akibisha hodi usiku wa leo, atakuta nini nyumbani mwako?