Kuaminiwa na Kuaminika: Mita ya LUKU Mjini Bariadi kama Mfumo wa Kompyuta Uliokabidhiwa Dhamana

Katika taaluma ya usalama wa kompyuta, mfumo huitwa unaoaminiwa pale ambapo kuvunjika kwake huvunja usalama wa kila kitu kinachoutegemea. Fasili hii haisemi lolote kuhusu ubora wa mfumo wenyewe. Inaeleza tu dhamana uliyokabidhiwa. Mfumo unaoaminika ni jambo lingine: huo ni ule uliothibitika kustahili dhamana hiyo. Kiswahili kina bahati ya kuzitenganisha dhana hizi mbili kwa kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka, bila maelezo marefu. Makala hii inatumia tofauti hiyo kuchunguza kompyuta iliyomo katika nyumba nyingi za mji wa Bariadi, ingawa ni wachache wanaoiita kompyuta: mita ya umeme ya LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Utumiavyo.

Mwaka 1983 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilichapisha vigezo vya kutathmini mifumo ya kompyuta inayoaminiwa, katika kitabu kilichokuja kujulikana kwa rangi ya chungwa ya jalada lake. Mwaka 2003 kampuni kubwa za kompyuta ziliunda Trusted Computing Group, ambayo husimamia viwango vya chipu ya TPM. Chipu hiyo hufungwa ndani ya kompyuta, huhifadhi funguo za siri ambazo hata mmiliki hawezi kuzitoa, na huweka kumbukumbu ya programu zilizopakiwa tangu mashine ilipowashwa. Lengo ni kumwezesha mtu aliye mbali kutegemea mashine iliyo mikononi mwa mtu mwingine, ambaye huenda hana nia njema. Mashirika ya umeme yalikuwa yamekwisha kukabiliana na tatizo hilohilo miaka kadhaa kabla.

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Shinyanga, na Bariadi ikawa makao makuu yake. Umeme umesogea hadi vijijini kupitia miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA), ambamo mwananchi huunganishiwa kwa shilingi 27,000 na kufungiwa mita ya malipo ya kabla. Mita hiyo hukaa kwa mteja usiku na mchana, na Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) haliioni. Mita nyingi za kawaida hazina njia yoyote ya kuzungumza na seva za shirika. Anayeishi nayo ndiye anayefaidika iwapo itadanganyika. Kwa lugha ya taaluma, adui anayefikiriwa na msanifu ni mwenye nyumba mwenyewe. Ni msimamo usio na heshima sana kwa mteja, lakini ndio ulioongoza usanifu wote.

Ujumbe pekee unaofika kwenye mita ni tarakimu 20, na mbebaji wake ni mteja. Kijana aliyeko Mwanza anaweza kununua umeme kwa simu, akampigia mama yake aliyeko Bariadi na kumsomea tarakimu hizo, naye akazibonyeza moja baada ya nyingine. Njia hiyo haina faragha yoyote, na haikukusudiwa kuwa nayo. Ulinzi umo ndani ya tarakimu zenyewe. Kwa mujibu wa kiwango cha STS, kilichoanzia Afrika Kusini, tarakimu 20 hubeba biti 66. Biti 2 hutaja aina ya ujumbe. Zile 64 zilizobaki husimbwa kwa ufunguo wa siri, nazo hubeba kiasi cha umeme katika biti 16, wakati wa ununuzi katika biti 24, uhakiki wa usahihi katika biti 16, na taarifa nyingine chache. Ufunguo wa kila mita hukokotolewa kutokana na ufunguo mkuu wa shirika pamoja na namba ya mita husika. Kwa hiyo, jirani akizisikia tarakimu za mama huyo na kuzibonyeza kwake, mita yake huzifungua kwa ufunguo usiofaa, hupata maandishi yasiyo na maana, na kuzikataa. Kubahatisha nako hakufui dafu: uhakiki wa biti 16 peke yake hupitisha jaribio moja kati ya 65,536, na anayejaribu mara moja kila dakika angehitaji siku 45 bila kulala, kabla ya vizuizi vingine kuhesabiwa.

Wakati wa ununuzi una kazi ya pekee. Mita hukumbuka angalau tokeni 50 za mwisho ilizopokea. Tokeni iliyokwisha kutumika ikirudiwa hukataliwa, na iliyo ya zamani kuliko zote zilizomo katika kumbukumbu hukataliwa vilevile. Wakati huo huhesabiwa kwa dakika tangu tarehe 1 Januari 1993. Biti 24 zina nafasi ya dakika 16,777,216, takribani miaka 32, na hesabu hiyo ilikuwa inafikia kikomo tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo, kila tokeni mpya ingeonekana kwa mita kuwa ya kale, na mwenye saluni au duka la vinywaji baridi angekuwa na tokeni halali mkononi huku akiwa gizani.

Suluhisho lilikuwa kuanza hesabu upya kutoka mwaka 2014 na kufuta kumbukumbu ya tokeni za zamani katika kila mita. Hata hivyo, kufuta kumbukumbu peke yake kungekuwa hatari kubwa: risiti zote zilizotunzwa kwenye droo kwa miaka mingi zingeweza kutumika tena. Ilibidi ufunguo wa mita ubadilishwe kwa wakati uleule. Ndiyo maana mwaka 2024 wateja wa TANESCO waliponunua umeme walipokea makundi matatu ya tarakimu 20. Ufunguo mpya una biti 64, na kwa kuwa ujumbe mmoja una nafasi ya nusu yake tu, makundi mawili ya kwanza yalihitajika ili kuufikisha. Kundi la tatu lilibeba umeme, likiwa limesimbwa kwa ufunguo huo mpya. Aliyeanza na kundi la tatu kwa haraka ya kutaka mwanga alikataliwa, kwa sababu mita bado ilikuwa na ufunguo wa zamani. Agizo la kufuata mpangilio lilitangazwa sana. Sababu yake haikutangazwa kwa kiwango hicho. Mteja alibeba ufunguo wa kufuli lililo nyumbani mwake bila kujua kwamba anabeba ufunguo.

Usimbaji imara hautoshi. Ross Anderson wa Chuo Kikuu cha Cambridge alishiriki katika uchunguzi wa mifumo ya mita za Afrika Kusini, na yeye na Johann Bezuidenhoudt wakachapisha matokeo mwaka 1996. Anderson ameeleza aina moja ya mita ambayo volteji iliposhuka hadi kati ya 160 na 180 ilijijazia uniti hadi kiwango cha juu kabisa. Habari zilipoenea, watu walianza kurusha minyororo juu ya nyaya za kilovolti 11 ili volteji ishuke. Hakuna aliyeugusa ufunguo wa siri. Kasoro ilikuwa katika programu. Anderson huyohuyo alikuwa miongoni mwa wakosoaji wa mapema wa chipu za kompyuta zinazoaminiwa. Aliuliza zinamlinda nani, na dhidi ya nani.

Swali hilo lina uzito Simiyu. Wakulima wa pamba wa Bariadi, Maswa na Meatu wanajua maana ya kipimo kilicho mikononi mwa upande mmoja. Ndiyo sababu Wakala wa Vipimo hukagua mizani na kuibandika alama. Juu ya mizani, angalau, muuzaji na mnunuzi husoma namba ileile kwa wakati uleule. Mita ya LUKU imesanifiwa ili shirika lisidanganywe na mteja, na kazi hiyo inaifanya vizuri. Upande wa pili haukupewa uzito sawa. Malalamiko mengi ya kwamba "umeme umekatwa" hayahusu mita hata kidogo: mita hupokea uniti, haijui shilingi. Kodi, tozo na madeni hukatwa kwenye seva kabla tokeni haijatengenezwa, ikiwemo kodi ya majengo inayokusanywa kupitia LUKU tangu Agosti 2021. Mteja anayeigombeza mita kwa makato hayo anagombeza kifaa ambacho hakikuhusika.

Kuhusu upimaji wenyewe, mita nyingi zina dirisha moja lililo wazi. Kwenye uso wake kuna taa ndogo inayomweka, na kando yake imeandikwa idadi ya mimweko kwa uniti moja. Ikiwa imeandikwa 1,000, kila mmweko ni wati moja kwa saa. Mteja akizima vifaa vyote na kuwasha balbu moja ya nyuzi ya wati 100 kwa saa nzima, taa inapaswa kumweka takribani mara 100, kukiwa na tofauti ndogo kwa sababu ya volteji kupanda na kushuka. Ikimweka mara 140 hali volteji ni ya kawaida, ama kuna kifaa kingine au waya unaovuta umeme ndani ya nyumba, ama mita haipimi sawasawa. Fundi akiitenga nyumba na mita na taa ikaendelea kumweka, sababu ya kwanza imeondoka, na mteja ana hesabu ya kuipeleka ofisi ya TANESCO pamoja na namba ya mita yake.