Duka Liko Kamukunji, Mwenye Duka Yuko Guangzhou: Nani Anajua Pesa Imeingia?

Je, ukisafiri wiki mbili kuanzia kesho, mtu unayemwachia duka ataweza kujua kwa uhakika kwamba mteja amelipa? Simaanishi kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mteja. Namaanisha kujua.

Nauliza kwa sababu shangazi yangu hakuwa na jibu la swali hilo alipoenda China mara ya kwanza. Anauza mikoba ya wanawake Kamukunji, na biashara ilikuwa imekua hadi akaona kwamba kununua kwa wauzaji wa jumla wa Eastleigh kunamlia faida. Akaamua kwenda mwenyewe Guangzhou. Mchana alimwachia duka msichana aliyemwajiri. Jioni nilikuja mimi, nikitoka chuo, kufunga hesabu. Simu zote mbili alizibeba: yake, na ile mulika mwizi inayopokea ujumbe wa till. "Siwezi kuacha simu yenye pesa," alisema, nasi tukaona ni busara.

Siku ya tatu mteja alichukua mikoba kadhaa na kuonyesha ujumbe wa shilingi 18,400. Jina la duka lilikuwepo, tarehe na saa pia. Msichana akajaribu kumpata shangazi kwa WhatsApp, haikupita. China imefunga WhatsApp, na shangazi alikuwa akitegemea waifai ya hoteli huku romingi ameizima kwa kuogopa gharama. Mteja akaanza kulalamika kwamba gari la Machakos litamwacha. Mzigo ukatoka. Jioni nikaandika kwenye daftari kwa mkono wangu: 18,400, till. Shangazi alipowasha laini siku mbili baadaye, malipo mengine yote yalikuwepo isipokuwa hayo. Ule ujumbe ulikuwa umetungwa tu.

Hapa ndipo watu husema wafanyakazi wa siku hizi hawaaminiki. Mimi nakataa. Yule msichana hakuwa na njia yoyote ya kuhakikisha. Chombo chake cha kazi kilikuwa kwenye mkoba wa mtu aliye ng'ambo.

Jambo la ajabu ni kwamba dawa shangazi aliipata huko huko. Alikuwa akizunguka soko la bidhaa za ngozi la Baiyun, karibu na Sanyuanli, ambako mazungumzo ya bei hufanywa kwa kikokotoo: muuzaji anaandika bei, wewe unafuta na kuandika yako, mnaendelea hivyo hadi mmoja acheke. Alijifunza kugonga meza kwa vidole viwili anapomiminiwa chai, ndiyo asante ya watu wa Guangdong. (Bado anafanya hivyo kwa chai ya maziwa hapa nyumbani, na hatumwachi bila kumcheka.) Alijifunza pia kwamba mwaka mpya wa Kichina, unaoangukia mwishoni mwa Januari au Februari, hufunga viwanda kwa muda mrefu wafanyakazi wakirudi kwao. Anayetaka mzigo wa Pasaka hasubiri Januari ndipo aagize.

Lakini kilichomkaa kichwani ni mama mmoja muuza maandazi ya mvuke kando ya barabara. Mteja anapiga msimbo wa QR kwa simu yake, anachukua chakula, anaondoka. Yule mama hainui hata macho. Kando yake kuna kisanduku kidogo kinachotamka kwa sauti kiasi kilichoingia. "Anasikiliza pesa yake," shangazi alituambia. "Simu ya mteja haimhusu."

Safari ya pili aliiacha mulika mwizi kaunta, sauti ikiwa juu. Isipolia, mzigo hautoki, hata kama mteja ni jirani. Na hofu yake ya kuacha simu yenye pesa? Aliyebaki na simu si lazima awe na PIN. Kuona malipo yaliyoingia ni jambo moja, kutoa pesa ni jingine, kwa hivyo msaidizi apewe la kwanza pekee. PIN usimwambie mtu, hata mimi mpwa wako niliyesoma.

Pesa nazo zisilale zote kwenye simu. Laini ya kawaida Kenya haibebi zaidi ya shilingi 500,000, na huwezi kutuma zaidi ya 250,000 kwa mara moja, kwa hivyo hamishia benki mauzo kila siku mbili tatu. Viwango hivyo vikumbuke pia unapopanga kulipa kiwanda. Wengi huko hutaka malipo ya awali, mara nyingi asilimia 30, na salio kabla ya mzigo kusafirishwa. Kwa oda kubwa, zungumza na benki kabla ya kuondoka, usianze kukimbizana na viwango ukiwa sokoni.

Romingi iwashe ukiwa bado Nairobi na uijaribu, kwa sababu nambari za siri za uthibitisho zitatumwa kwa laini yako ya Kenya. Kwa kawaida data ya romingi hupitia mtandao wa nyumbani, hivyo WhatsApp inayogoma kwa waifai ya hoteli hufanya kazi kwa laini yako. Ulizia bei yake kwanza.

Kuhusu saa, Guangzhou iko mbele yetu kwa saa 5. Shangazi hupiga simu mara mbili tu: saa saba mchana wa huko, duka likifunguliwa saa mbili asubuhi, na saa tano usiku, tunapofunga saa kumi na mbili jioni. Asubuhi yake yote ni ya soko, maana sisi bado tumelala.

Kabla ya kukata tiketi, fanya jaribio hili. Siku moja baki nyumbani, zima simu yako, kisha mwombe rafiki ambaye msaidizi wako hamjui aende dukani na ujumbe wa uongo wa shilingi 500. Uone kama atatoka na mzigo.