Mlinzi wa Uwongo Ndani ya Kompyuta

Katika maduka ya kuchapa barua hapa Songea kompyuta moja hutumiwa na wengi. Akidanganyika mmoja, huumia wote. Basi jihadhari na programu ijiitayo mlinzi wa virusi, kumbe ni mwizi.

Hila hii si ndogo. Mwaka 2008 serikali ya Marekani iliwashtaki waliouza programu kama WinFixer. Waliodanganywa walizidi milioni moja.

Utaitambuaje? Hukuiweka wewe. Hutokea ghafula, hutaja virusi tele kwa dakika moja, kisha hudai fedha upesi.

Usilipe, wala usibonyeze kitu ndani ya dirisha lile, hata alama ya kulifunga. Kata intaneti. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, uifunge programu hiyo katika orodha itokeayo. Ikikataa, washa kompyuta kwa Safe Mode. Ifute, uwashe tena kama kawaida, kisha uiamuru Microsoft Defender, iliyomo bure ndani ya Windows 10 na 11, ipekue kompyuta nzima.

Na kama umekwisha kulipa? Iarifu benki leo hii, ukabadili maneno yako ya siri kwa kutumia kompyuta nyingine. Kikulacho ki nguoni mwako.